Nilimwambia picha za binti yake nitazitazama mimi tu

BARUA

Assalaam aleikum, na shikamoo mama.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mke wa mtu na mama wa watoto wawili, na kazi yangu ni kupiga picha hapa Mombasa. Studio iko Mji wa Kale. Mtaa naomba nisiutaje, maana huku kwetu ukitaja mtaa umeshataja nyumba. Ilikuwa ya marehemu baba. Yeye alipiga picha za paspoti, za vyeti, za wanafunzi wanaomaliza shule, na kila Idi watoto walipanga foleni mpaka nje na nguo zao mpya wapigwe mbele ya pazia lililochorwa minazi na jahazi. Pazia hilo ninalo mpaka leo. Baba alifariki mwaka 2016, na mwaka uliofuata nikaanza kupiga harusi za wanawake, kwa sababu picha za paspoti peke yake hazilipi kodi.

Mama, wewe unajua kupamba kwetu kulivyo. Mlangoni husimama akina mama wawili, wanapekua mikoba na kukusanya simu. Ndani mabuibui yanavuliwa, vichwa viko wazi, vikuba vinanukia, na bibi harusi amekaa jukwaani na piko mpaka juu ya kiwiko. Kamera inayoruhusiwa mle ndani ni moja, nayo ni yangu. Naitwa kwa sababu mimi ni mwanamke, na kwa sababu ni binti wa baba yangu. Kwa siku tatu, yaani hina, nikahi upande wa nyumbani na usiku wa kupamba, natoza shilingi 60,000 pamoja na albamu.

Sasa nije kwenye linaloniumiza. Picha za kupamba kumoja hazipungui 1,500. Kuzichagua, kusawazisha rangi za zile taa za zambarau za ukumbini, kutoa jasho usoni, kupanga albamu, hiyo ni kazi ya wiki mbili kwa mtu asiye na mtoto wa kunyonyesha. Mwaka 2019 nilikuwa na mimba ya pili, na harusi sita kati ya mfunguo mosi na mfunguo pili, ile miezi miwili baada ya Ramadhani. Ndugu yangu mdogo wa kiume, ambaye sasa ana miaka 29, alikuwa amejifunza kuhariri kwa kutazama watu kwenye intaneti. Nikampa harusi moja. Akaifanya vizuri kuliko mimi. Nikampa ya pili. Tangu hapo ndiye anayezihariri zote, chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Hakuna mteja aliyeambiwa. Mwanzoni nilidhani ni mpaka nijifungue. Mtoto sasa anakwenda shule.

Wallahi, mama, ndugu yangu ni mtu safi. Hajawahi kutoa picha hata moja nje ya kile chumba. Hana rafiki anayeingia mle, haweki kitu kwenye simu yake, hasemi neno juu ya mtu. Siku moja tulikuwa tumekaa mbele ya studio, akapita jirani yetu amevaa nikabu, akatusalimu. Ndugu yangu akaitikia huku ameinamisha macho. Harusi ya mdogo wake huyo jirani ndiyo tuliyokuwa tumeimaliza wiki ile. Nikaelewa, na usiku ule sikulala.

Na lipo deni. Machi 2020 harusi zilisimama kwa ajili ya korona, kisha Mei Mji wa Kale ukafungwa, haingii mtu wala hatoki. Kodi ikatulimbikia. Ndugu yangu akauza pikipiki yake, akalipa yote. Hatukuandikiana, na hajawahi kuidai.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kuweka arubuni ya harusi ya binti yake. Alihesabu shilingi 30,000 mezani, kisha akaweka kiganja juu ya zile pesa akaniuliza, "Picha hizi atazitazama nani? Usije ukaniambia kuna mwanamume." Nikamjibu, "Ni mimi tu, mama." Ulimi ulitangulia. Akaondoa mkono.

Harusi imepita, hii ni wiki ya tatu. Ni picha 1,900. Sikumpa ndugu yangu. Nazihariri mwenyewe usiku watoto wakishalala, na nimefika ya 640. Harusi nyingine tatu zinangoja nyuma yake. Ndugu yangu ameniuliza mara mbili mbona simpi kazi, nikamwambia kompyuta ina matatizo. Kwa hiyo nimeshawadanganya watu wawili. Naye amechumbia, harusi yake ni mfunguo tatu, na tegemeo lake ni studio.

Nikimwondoa nitakuwa nimemfukuza aliyeinusuru studio. Nilipomdokezea mama yetu alinijibu, "Kwani ndugu yako ni mtu wa kando?" Nikiwaeleza wateja wote wa nyuma, harusi zaidi ya hamsini, nimejimaliza mimi na nimewatia uchungu wao. Nikinyamaza, nitaishi na ule mkono juu ya pesa. Mume wangu asema ya studio ni yetu sisi ndugu, yeye hayaingilii. Nifanye nini?

Mwenye Kamera, Mombasa


JIBU

Waaleikum salaam na marahaba, mwanangu.

Barua yako nimekaa nayo siku nne. Niliisoma kwanza nikamwona mtu aliyedanganya, kisha nikairudia nikamwona mtu anayehariri picha saa saba za usiku ili neno lake lisiwe la uongo. Huyu wa pili ndiye ninayemjibu.

Kama nimekuelewa sawa, akina mama wa Mombasa wamekukabidhi sura za binti zao mabuibui yakiwa yamevuliwa, wakiamini jicho la kiume halitazifika. Kwa miaka kadhaa zimefikiwa na jicho la mtu mmoja, mwenye heshima, lakini asiye maharimu wao, yaani ndugu wa karibu anayeruhusiwa kuwaona hivyo. Mpaka mwezi uliopita hukuwa umeulizwa. Ulipoulizwa, ukasema lisilokuwa kweli. Na mtu pekee unayeweza kumwondoa ili mambo yanyooke ndiye aliyeuza pikipiki yake mlango usifungwe. Ningeshangaa kama ungekuwa unalala vizuri.

Naomba tuanze na ndugu yako. Umeandika mengi kunithibitishia uaminifu wake, nami nakuamini. Lakini yule mama hakukuuliza kama anayezitazama ni mwaminifu. Aliuliza ni nani. Kuvuja kwa picha ni hofu moja, na kuonekana ni hofu nyingine, hata kama picha haikutoka nje ya chumba. Binti anapokaa jukwaani na kichwa wazi, amekubali kuonekana na waliomo mle, na anawajua, kwa sababu kuna watu mlangoni waliochagua nani aingie. Chumba chako cha nyuma ni sehemu ya ukumbi ule, ila yeye hakujua kina mlango. Nadhani hilo ndilo lililokunyima usingizi siku jirani alipopita. Hakuna kilichovuja, hakuna aliyetenda ubaya, ndugu yako aliinamisha macho kama ipasavyo, na bado uliona kuna kitu yule dada alichukuliwa bila kuulizwa.

Mama yako amekujibu, "Kwani ndugu yako ni mtu wa kando?" Kwako wewe na kwake yeye, la. Kwa bibi harusi, ndiyo. Mzazi kulisema vile ni haki yake, na naona ni vizuri ulisikie kama neno la mama anayemtetea mwanawe, lisiwe ndilo jibu la swali la mama mwingine.

Hata hivyo sitaki uamini kwamba nyumba zote hamsini zinalitazama jambo hili kwa jicho moja. Kuna bibi zetu waliokwenda studio ya Parekh hapo hapo Mombasa miaka ya 1950 na 1960, wakavaa wanavyotaka, wakasimama mbele ya kamera ya mwanamume, na picha zile wajukuu wanazo. Wengine wa umri ule ule hawakukubali kabisa kupigwa na yeyote. Waliokwenda walimwona aliyeshika kamera, wakaamua wenyewe. Leo pia ziko familia ambazo hofu yao ni simu na mitandao tu. Ukiwaambia anayehariri ni ndugu yangu, chumba kimefungwa, intaneti haimo, watakwambia haya, tufanyie haraka. Na ziko ambazo zingechukua arubuni yao zikaondoka. Wewe hujui ipi ni ipi, kwa sababu hukuwahi kuuliza, na kila mwaka uliopita kuuliza kukawa kugumu zaidi.

Sasa hebu tulia kidogo kwenye zile picha 1,900. Umeniandikia kama mtu aliyekwisha kuvunja ahadi. Mbona mimi naona haijavunjika? Picha za binti yule zimepita mikononi mwako peke yako. Ulichomwambia mama yake kilikuwa uongo juu ya kawaida ya studio, lakini juu ya picha za mwanawe bado ni kweli, na unaweza kukibakisha kweli mpaka atakapoipokea albamu. Hakifuti neno lenyewe. Ila kati ya mzigo wote ulionielezea, huo ndio ambao bado uko mikononi mwako mzima mzima.

Gharama yake ni usiku wako na zile harusi tatu zinazongoja. Hapo nina maswali ya kikazi, na uniwie radhi kwa kuingia uwanja usio wangu. Hizo familia tatu umeziahidi tarehe gani? Umewahi kuziomba wiki tatu zaidi, au unaogopa tu watakavyosema? Na ni lazima 1,900 zote zihaririwe? Nilimuuliza mwanamke mmoja anayefanya kazi kama yako mji mwingine. Akaniambia yeye huzipitia zote mara moja kwa haraka bila kugusa rangi, akabakisha mia nne au mia tano, na hizo tu ndizo anazozifanyia kazi. Picha tano za shangazi yule yule akicheka anachagua moja. Na zile taa za zambarau anazimaliza ukumbini kwa flashi yake mwenyewe, asizipeleke nyumbani kuhangaika nazo kwenye kompyuta. Wewe unayajua hayo kuliko mimi. Nimeyataja kwa sababu wiki mbili za kazi umeziandika kama kwamba ni sharti, na ndizo zilizomwingiza ndugu yako kwenye kile chumba. Zikipungua kuwa siku nne, huenda swali lenyewe likabadilika sura.

Kuna jambo jingine ambalo barua yako imelipita bila kuligusa. Je, ndugu yako ndiye mwanamume pekee? Albamu zako unazisafishia wapi? Huko kuna mtu anayesimama mbele ya mashine, anaikagua rangi kila picha ikitoka, anaikata, anaibandika. Ni nani? Kompyuta yako ilipoharibika kweli mara ya mwisho, ilikwenda kwa fundi gani, na ilikwenda na nini ndani yake? Diski za harusi hamsini zimewekwa wapi, na kuna nenosiri, au anayeivunja studio usiku anaondoka nazo tu? Sikuulizi ili nikuzidishie mzigo. Naogopa usije ukampoteza ndugu, ukavuruga nyumba yenu, na bado yule mama akawa hajapata alichokiomba, kwa sababu kijana wa mashine ya kusafishia picha yupo pale pale.

Na kwa kuwa tumefika kwenye diski, ni vyema ulijue na la sheria. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo inataka taarifa za mtu, na picha yake ni mojawapo, zitumike kwa jambo alilolijua na zisihifadhiwe kupita haja, na inampa haki ya kuomba zifutwe. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi. Wewe hukuchapisha kitu, na sikufananishi nao. Nataka tu uone kwamba hizo diski si mali ya studio kama zilivyo kamera na lile pazia la baba. Hata Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kama hamkuandikiana vinginevyo, huichukulia kazi iliyoagizwa kuwa ya aliyeiagiza. Kwa wakili wa hapo mjini saa moja ya mazungumzo itakufaa kuliko haya yangu.

Turudi kwa ndugu yako, kwa sababu yeye ndiye niliyemfikiria zaidi. Katika barua nzima hakuna mahali uliponiambia alisema nini. Mama yenu amesema, mume wako amesema, yeye hajasema, kwa kuwa hajaulizwa. Alipewa harusi moja, akapewa ya pili, na miaka ikapita. Hujui kama anaipenda kazi ile au anaivumilia kwa ajili yako. Kijana anayekaa peke yake na nyuso za wake na dada za majirani zake, kisha akatoka nje akakutana nao njiani, anabeba kitu. Huenda amengoja siku umwambie basi. Huenda pia akakasirika sana, hasa akijua kompyuta haikuharibika, na hasira hiyo itakuwa na haki.

Usisahau pia anaoa. Mke wake mtarajiwa ana mama, ana mashangazi, ana somo wake, yaani kungwi, na wote watataka kujua mume kazi yake hasa ni nini. Wewe unahesabu kama kwamba kunyamaza ni njia mojawapo kati ya tatu na unaweza kuishikilia ukitaka. Nina shaka. Siri iliyokuwa ya ndugu wawili, ikifika mfunguo tatu itakuwa na mtu wa tatu, na inawezekana mtu huyo, au dada yake, yumo kwenye mojawapo ya diski zako. Nakuomba ulipime hilo kabla hujaliweka kunyamaza kwenye mizani.

Ukienda kuzungumza naye, mimi ningependa uende wewe peke yako kwanza, kabla ya mama na kabla ya mume, na msizungumzie kwenye kibaraza cha studio. Na pikipiki iingie kwenye mazungumzo hayo. Miaka yote hiyo hamjaambiana kama ile pesa ilikuwa mkopo, zawadi, au fungu lake katika studio. Kama ni mkopo, una deni lenye kiasi, na linalipika kidogo kidogo hata akihama meza. Kama ni fungu, basi yeye ni mshirika wako, neno "kumwondoa" halina mahali, na swali linakuwa ni vipi wenye studio wawili watagawana kazi. Hamwezi kuamua la picha bila kuamua hilo, na vyovyote mtakavyokubaliana, andikeni na muwe na shahidi. Undugu haujawahi kuharibiwa na karatasi kiasi unavyoharibiwa na kila mmoja kukumbuka lake.

Kazi ya kugawana ipo, ingawa sijui kama inatosha. Kuna upande wa wanaume ambao umeniandikia kana kwamba haupo: nikahi msikitini, bwana harusi na wenzake, mahafali, picha za wafanyabiashara wanaouza vitu mtandaoni. Kuna foleni ya watoto wa Idi. Mkono wake ni mzuri, umesema mwenyewe ni mzuri kuliko wako. Hatari ni kwamba kujenga jina upande huo kutachukua miezi, na yeye harusi yake iko karibu. Huenda studio ikalazimika kumlipa katika kipindi ambacho bado haingizi, kama yeye alivyoilipia studio kipindi haikuingiza. Hilo nalo lihesabuni kwa tarakimu, si kwa maneno.

Upande wa kupamba, njia inayokuja haraka akilini ni kumwajiri msichana wa kuhariri. Ni njia nzuri, lakini isikulevye. Mwanamke naye ana simu, ana rafiki, na anaweza kuondoka baada ya miezi minane na kila alichokiona. Ndugu yako ulimjua tangu utotoni, huyu utamjua kwenye usaili. Ukifika huko, chumba cha nyuma kiwe na utaratibu wa mlango wa ukumbi: simu inabaki nje, kompyuta haina intaneti, hakuna diski inayotoka na mtu. Na umlipe kwa namna ya kumfanya abaki.

Wapo wapiga picha wanaowapa wateja karatasi kabla ya arubuni, inayosema nani anapiga, nani anahariri, wapi zinasafishwa, zinakaa muda gani na zinafutwa lini, na familia inachagua. Naipenda karatasi hiyo kwa sababu ingemwondolea yule mama haja ya kukuuliza kwa kiganja juu ya pesa. Ila siku utakayoitoa, mteja wa 2021 atakayeiona kwa binti ya dada yake atakuuliza, "Na zetu?" Usiitoe kabla hujajua utamjibu nini.

Na hapo ndipo penye uzito, mwanangu, kwa wale wa nyuma. Nimeligeuza sana na sina neno moja la kukupa. Ukimfuata kila mmoja umwambie, umempa haki yake ya kujua. Pia umemweka mwanamke aliyekuwa ameishi na albamu yake kwa furaha katika hali ya kujiuliza kila anapopita mtaani kwenu, na wapo watakaoulizwa na waume zao kwa nini walikubali kupigwa picha. Ukinyamaza, umewastiri na hilo, lakini siku wakilisikia kwa mtu mwingine watalisikia vibaya mara mbili. Ni mizani ya dhamana na stara, na kuna wanawake wenye elimu ya dini hapo mjini wanaoweza kukaa nawe kwa utulivu kuliko mimi. Mtafute mmoja unayemwamini, umweleze bila kutaja majina.

Lipo dogo unaloweza kulifanya huku ukifikiri. Unaweza kuzirudia familia zile moja moja, kuwaambia unasafisha kumbukumbu za studio, na kuwauliza kama wanataka nakala ya mwisho au ufute. Kila diski inayofutika ni macho yaliyopungua. Lakini usipige simu ya kwanza kabla hujajiandaa, kwa sababu kati ya nyumba hamsini hakosekani mama mmoja atakayesema, "Kwani zilikuwa zikitazamwa na nani?" Ulimi ulikutangulia mara moja. Afadhali safari hii maneno yako yawe yamekaa kinywani kabla ya simu kuita, vyovyote utakavyokuwa umeamua yawe.

Kuhusu huyu wa arubuni, siku ya albamu utakuwa na la kweli la kumwambia: hizi za binti yako nimezifanya mimi. Kama utaongeza kwamba ulichomjibu siku ile sicho kilichokuwa utaratibu wa studio, na kwamba kwa ajili ya swali lake umeubadilisha, hilo sitakuamulia. Anaweza kuondoka na jina lako mdomoni. Anaweza pia kuwa mama wa kwanza Mombasa anayeujua utaratibu wako wote na bado akakuletea binti wa pili. Wewe ulimwona usoni alipoondoa mkono, mimi sikumwona.

Umeniambia umefika picha ya 640. Kabla hujaendelea na ya 641, nenda kamwambie ndugu yako kwamba kompyuta ni nzima. Kisha niandikie alijibu nini.